Korogwe ni Kulala Njiani

Mtu akiniuliza kutoka Handeni mpaka Korogwe ni mbali kiasi gani, humwuliza kwanza kama yeye ni wa kwenda au wa kubaki. Anayekwenda ana miguu yake, nayo haijui kusema uongo. Anayebaki hana kipimo ila maneno aliyoachiwa mlangoni. Mimi nilikuwa wa kubaki kwa miaka sita, na maneno niliyoachiwa yalikuwa ya siku moja.

Nilizaliwa Kwamsisi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo, akifundisha watoto Kurani, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto wa kiume, mimi ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika. Ndiyo maana haya nayaandika kwa mkono wangu na simbembelezi mtu. Kwa mama nilirithi kitu kingine, nacho ni ufagio. Mama alikuwa mtu wa usafi mpaka majirani wakamchoka, nami nikatoka vilevile. Vumbi likikaa sakafuni mimi nalihisi kwenye meno. Sili nikashiba kama kuna ganda la muhogo chini ya kinu.

Niliolewa Handeni, wakati Wadachi, yaani Wajerumani, wamekwisha kukaa bomani na tumezoea kusikia tarumbeta yao asubuhi. Mume wangu alikuwa tarishi. Mara mbili kila mwezi alichukua mkoba wa barua pale bomani, akaenda nao kwa miguu mpaka Korogwe, kwenye stesheni ya gari la moshi linalotoka Tanga. Pale aliutoa mkoba wake, akapokea ulioletwa na gari, akarudi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mcheshi, na hakuwa na haraka katika jambo lolote isipokuwa kula. Nyumbani tulikuwa watatu, yeye, mimi, na mama yake mzazi. Watoto Mungu hakutupa.

Sasa, kwetu Uzigua, mtu akisafiri nyumba haifagiwi mpaka afike aendako. Nyayo zake za mwisho ziko pale sakafuni. Ukizifagia umemfutia njia, na yeye bado yumo ndani yake. Jambo hilo nililijua tangu utotoni na halikunisumbua, kwa sababu baba hakuwa msafiri. Mungu akanipeleka kwa tarishi.

Alipotoka mara ya kwanza tangu nimeolewa, nilimwuliza mama mkwe wangu ningoje mpaka lini. Akanijibu bila kuinua macho kwenye kunde alizokuwa akichambua.

"Korogwe ni kulala njiani," alisema. "Leo yuko njiani, kesho yuko njiani. Keshokutwa asubuhi shika ufagio wako."

Ilikuwa siku ya kutwanga mahindi. Pumba zilijaa chumbani, mbuzi akaingia akaacha alichoacha, kuku nao wakaja kuchakura mlemle. Nilikaa katikati ya uchafu ule nikiuma kucha. Lakini vumbi lilikuwa nusu tu ya adhabu. Nusu nyingine ni neno lile, kulala njiani. Pori la kati ya Handeni na Korogwe lilikuwa na simba, na si simba wa hadithi. Mwaka ule walikuwa wamemchukua mpagazi mmoja karibu na moto wa kambi, mzigo wake ukabaki. Usiku nililala chali, macho wazi, nikimsikiliza mtu ambaye hawezi kusikika.

Aliporudi alinikuta macho mekundu, mdomo umevimba kwa kununa. Aliangalia sakafu, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Bibi ufagio," aliniita. Jina hilo halikunitoka tena.

Safari iliyofuata, alfajiri, akiwa anafunga mkanda wa mkoba, aliniambia nisingoje siku mbili. "Hizo zilikuwa habari za mama. Siku hizi Wadachi wameinyoosha barabara kwa kamba, haizunguki tena kila kichuguu. Mimi nikitoka sasa hivi, jua likizama niko Korogwe nakula ndizi. Wewe lala usingizi wako, asubuhi fagia."

Mama mkwe alimsikia kutoka chumbani kwake. "Kunguru ndiye anayefika Korogwe kwa siku moja," alisema.

"Kunguru anafika kabla umande haujakauka, mama. Mimi nimesema jua likizama."

"Mimi nimekwenda Korogwe kabla wewe hujazaliwa."

"Ulikwenda kwa njia iliyopinda, mama. Sasa imenyooka."

Bibi kizee alitoka, akasimama mlangoni, akaitazama miguu ya mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akarudi ndani. Mwanawe alikwisha kuwa mtu wa boma, na watu wa boma walikuwa na habari za mambo mapya ambayo sisi hatukuwa nazo. Wapagazi wote waliendelea kusema siku mbili, lakini wapagazi wana mizigo kichwani, na tarishi ana mkoba tu. Nililiamini neno la mume wangu kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza. Nililala usiku ule kama gogo, na asubuhi nikafagia.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila safari ilichukua siku tano, nami nilizijua zilivyogawanyika, kwa maana alinieleza mwenyewe. Siku ya kwanza kwenda. Siku tatu kungoja gari la moshi, ambalo, kwa maneno yake, lina kichwa chake, linakuja likitaka. Siku ya tano kurudi. Basi nikawa nalichukia gari la moshi. Sijaliona, nalichukia. Nililiona katika mawazo kama mke mwenzangu, limelala tu Tanga huko, linajinyoosha, na mume wangu amekaa Korogwe anapigwa na mbu kwa ajili yake. Akirudi na miguu imevimba nilimkandia kwa maji ya moto na chumvi huku nikililaani. "Siku tatu za kukaa, miguu inavimba vipi?" niliwahi kumwuliza. Akasema kukaa sana ndiko kunakovimbisha. Mtu akipenda kuamini huamini.

Siku zile tano zilikuwa ndefu hata hivyo. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Jioni tulikaa wawili, kila mmoja na upande wake wa moto, na ningetamani hata ugomvi. Nilizoea kumpangia mume wangu habari, nikiziweka moja moja ili nimpe akirudi. Mbuzi kafanya hivi, jirani kasema vile. Akifika nilizimwaga zote kwa pamoja, naye alikula huku anaitikia, na mara nyingi alisinzia kabla sijafika katikati. Nilikasirika. Nilidhani mtu aliyekaa siku tatu bila kazi hana haki ya kusinzia.

Mwaka wa sita masika yalikuja kwa nguvu. Siku ya safari mbingu ilikuwa nyeusi upande wa milima ya Usambara, na mama mkwe alimwambia mwanawe asubiri hata kesho. Mume wangu alisema boma halisubiri. Alivaa, akafunga mkoba ndani ya ngozi usilowe, akachukua fimbo yake. Mlangoni aliniambia kama kawaida, "Kesho fagia, bibi ufagio," nami nikamwambia asisahau kuniletea chumvi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mume wangu. Chumvi.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Paa letu lilivuja pembeni, na kulipokucha sakafu ilikuwa matope na majani. Nilishika ufagio. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini.

"Kwa mvua hii, si ungengoja?"

"Ameshafika huyo, mama," nilisema. "Saa hizi anakula ndizi za Washambaa." Nikafagia. Tena nakumbuka niliimba.

Siku ya tano hakurudi. Ya sita nikalilaumu gari la moshi. Ya saba mama mkwe aliacha kula. Siku ya nane alikuja askari wa boma, akavua kofia kabla ya kufika uani, nasi tukajua.

Alisema mume wangu amechukuliwa na maji. Karibu na mto Luvu, ambao Wadachi waliuita Pangani, kuna korongo ambalo kiangazi huwezi kulowesha ndani yake kifundo cha mguu. Siku ile lilikuwa limejaa. Wakata miti waliokuwa ng'ambo walimwona akiingia, mkoba kichwani, wakamwona akifika katikati, halafu hawakumwona. Mkoba ulipatikana umenasa kwenye miiba, na barua hazikuharibika sana. Yeye alipatikana kesho yake. Watu wa Masuguru, pale Korogwe, walimwosha, wakamsalia, wakamzika. Maiti hangoji siku za kuletwa Handeni.

"Siku gani?" aliuliza mama mkwe.

"Siku ya pili tangu atoke, mama. Adhuhuri."

Bibi kizee alihesabu kwa vidole ingawa hesabu yenyewe ilikuwa ndogo. Kisha aliangalia nyuma ya mlango, pale ufagio ulipokuwa umesimama, akaniangalia mimi.

"Umemfagia mwanangu," alisema.

Niliona kama anavyoona. Mvua ilimchelewesha, na mimi sikungoja. Nilionywa kizingitini nikajibu kwa ndizi. Asubuhi ile alikuwa bado yuko porini na mvua yake, na mimi nilikuwa nasukuma nyayo zake nje pamoja na matope, naimba. Mtu wa kwingine atacheka. Mtu wa kwetu hawezi kucheka, na mimi ni wa kwetu.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha sikuwa na pa kwenda. Baba na mama walikwisha kufa, Kwamsisi hapakuwa na mlango unaonisubiri, na bibi kizee yule hakuwa na mtu mwingine wa kumchotea maji. Basi tukakaa. Lakini aliuchukua ule ufagio akauweka ubavuni mwa kitanda chake, na kuanzia siku ile alifagia mwenyewe, kila asubuhi, mgongo umepinda, akipumzika mara mbili kabla ya kumaliza chumba kimoja. Nikisogea kumsaidia aliupeleka mkono wa pili.

Na hakusema nami. Alisema na mbuzi. "Mbuzi, maji yamekwisha," alikuwa akisema, nami nachukua mtungi. "Mbuzi, leo uji hauna chumvi." Mwanzoni iliniuma hadi nikalia kisimani ambako hakuna anayeuliza. Baadaye nikazoea, na kuzoea kulikuwa kubaya zaidi. Miaka mitatu mtu wa pekee niliyeishi naye alikuwa akimsalimu mbuzi asubuhi. Kuna siku nilimwonea mbuzi wivu, sioni haya kusema.

Mwaka wa tatu, masika yalipokwisha, nilisikia kwamba kuna watu wa Handeni wanakwenda Mazinde kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wanaume na wake zao, na kwamba watapita Korogwe. Nikaamua kwenda nao. Nilitaka kulifikia kaburi la mume wangu nimtake radhi. Nilikuwa sijawahi kumtaka radhi kwa sauti, na nilihisi kwamba nisipofanya hivyo nitakufa nikiwa na kitu kooni.

Nilimwambia mama mkwe usiku wa kuamkia safari.

"Mbuzi," alisema, "kumbe hata wewe una safari."

Tulitoka alfajiri. Barabara ya Wadachi ilikuwa kweli imenyooka, hakunidanganya katika hilo, pana, nyekundu, mwanga umeingia mpaka chini. Lakini kunyooka kwa barabara hakuifanyi fupi. Tulitembea mpaka jua likawa la utosi, tukapumzika, tukatembea tena. Nilikuwa nimejitayarisha kuona Korogwe jua likizama, kwa sababu hatukuwa na mizigo ya maana na wale watu walikwenda mbio. Jua lilizama tukiwa kwenye kijiji kidogo ambako wasafiri hulala, na kiongozi wetu, mzee aliyekuwa akienda Mazinde kila mwaka, akaanza kukusanya kuni za moto.

"Korogwe bado sana?" nilimwuliza.

"Tumefika nusu, binti yangu. Labda tumezidi kidogo."

Nilijiambia ni kwa sababu ya wanawake. Asubuhi tuliondoka kabla hakujapambazuka vizuri. Jua lilipochomoza tuliiona milima ya Usambara mbele yetu, ya buluu, nikadhani sasa tumefika. Tulikwenda, tulikwenda, na milima ilibaki palepale ilipokuwa, kana kwamba na yenyewe inatembea. Niliomba tukae kidogo. Nilikaa juu ya jiwe, nikachomoa mwiba mguuni, nikaangalia jua limepanda wapi, na ndipo wazo liliponijia. Ni saa ileile. Saa ambayo mimi huwa nimeshachota maji, nimeshawasha moto, nimeshika ufagio.

"Mzee," nilimwita yule kiongozi, "tarishi wa boma, mwenye mkoba tu, hufika Korogwe kwa siku moja?"

Alicheka kwa upole. "Nimetembea nao mara nyingi. Wanalala palepale tulipolala sisi. Kwa siku moja labda aote mabawa."

Nikakaa juu ya lile jiwe mpaka wenzangu wakaanza kuniita. Haikuwa mvua, basi. Mvua haikumchelewesha. Kila safari, kwa miaka sita, asubuhi ile ya pili, alikuwa hapa porini na mimi nikizifuta nyayo zake kule. Nilikuwa nakwenda Korogwe kutaka radhi ya mara moja, nikaona nina deni la radhi nisilojua mwisho wake. Kisha hasira ikanipanda, kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira. Kwa nini aliniongopea? Mtu anamwongopea mkewe umbali wa njia kwa faida gani? Niliyafikiria yale ambayo mke yeyote angeyafikiria, nikatembea sehemu iliyobaki bila kusema na mtu, nikimtafuta huyo mwanamke wa Korogwe kichwani.

Tuliuvuka Luvu adhuhuri imekwisha kupita. Wenzangu walipumzika, wakaendelea na safari yao ya Mazinde. Mimi nilikwenda stesheni. Niliambiwa kuna mama wa Kishambaa anauza uji na ndizi za kuchemsha pale, amekaa miaka mingi, anamjua kila tarishi. Nikamkuta, mwanamke mnene wa makamo, kitambaa cheupe kichwani. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni mjane wa yule tarishi wa Handeni aliyekufa maji.

Aliacha mwiko ndani ya chungu. "Basi wewe ndiye wa ufagio," alisema.

Aliniketisha kwenye kigogo karibu na moto wake, akanipa uji, akangoja ninywe kwanza. Nilimwuliza gari la moshi humweka mtu siku ngapi.

"Kumweka vipi, dada? Lina siku yake na saa yake. Linakuja, linakunywa maji, linaondoka. Mumeo alikuwa anafika leo, kesho anachukua mkoba wake, keshokutwa alfajiri anageuza."

"Siku tatu hakai?"

"Siku tatu afanye nini hapa?"

Nikaweka bakuli chini. Nadhani aliona usoni mwangu nilichokuwa nakitafuta, maana alitikisa kichwa.

"Usiwaze hivyo. Alikuwa akifika siku ya pili kama sasa hivi, anakaa hapo hapo ulipokaa. Hajaomba maji bado, anasema, 'Mke wangu ameshafagia tangu asubuhi, na mimi leo nimeamka porini.' Anacheka mwenyewe. Mimi nilikuwa namgombeza. Hata sisi Washambaa hatufagii nyuma ya msafiri. Nikamwambia, wewe mwanamume, huogopi?"

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Nikimwambia ni siku mbili, hatalala. Atakaa na vumbi na simba, vyote kwa pamoja, na mama yangu si mtu wa mazungumzo. Mimi nimezoea pori. Mwache yeye alale.'"

Nilimwuliza alisema hivyo mara ngapi. Swali la kijinga, lakini nilihitaji kulisikia jibu.

"Mara zote, dada. Kila alipofika."

Mara zote. Mara mbili kila mwezi, miaka sita. Mara zote hizo nilimfagia akiwa njiani, na yeye mwenyewe akijua, na mara zote alirudi na miguu yake iliyovimba, akala, akasinzia katikati ya habari zangu. Isipokuwa moja, nayo ilikuwa na korongo lililojaa. Nililia pale stesheni mbele ya watu, na yule mama aliendelea kukoroga uji wake ili nisione kwamba ananitazama.

Alinipeleka kaburini mwenyewe. Lilikuwa upande wa Masuguru, mbali kidogo na mto, limewekewa mawe na majani makavu yameliangukia. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kutaka radhi niliyoyapanga kwa miaka mitatu. Hayakutoka. Nilichofanya ni kumgombeza mume wangu. Nilimwambia alikuwa na haki gani ya kuninyima nusu ya njia. Nilimwambia afadhali ningekesha. Afadhali ningekaa na pumba na mavi ya mbuzi na simba wake, kwa sababu usiku ule angekuwa na mtu wa kukesha naye, na mimi ningekuwa mtu huyo. Miaka sita alilala peke yake porini ili mimi nilale, na mimi nililala. Kumbe nilikuwa mjane wa usiku mmoja mmoja muda wote huo na sikujua. Nilipochoka kusema nilivunja matawi, nikayafunga, nikafagia majani yote juu ya kaburi na kulizunguka. Huyu amekwisha kufika, si haramu kumfagilia.

Usiku ule nililala kwa yule mama. Asubuhi niliona gari la moshi. Lilikuja kwa saa yake, likanywa maji, likaondoka, dogo kuliko nilivyolifikiria. Sikuweza kulichukia tena, na hilo pia lilinipunguzia kitu. Siku hiyohiyo nikapata wapagazi wanaorudi Handeni, na kesho yake alfajiri nikafuatana nao. Nilikuwa nimetumia siku tano kama yeye, mbili, na moja, na mbili. Hata miguu yangu ilivimba palepale ilipovimba yake.

Nilifika nyumbani jua linashuka. Nilipofungua mlango nilidhani kuna jambo baya limetokea. Pumba zilikuwa sakafuni, maganda ya kunde, majivu yamesambaa mpaka mlangoni kwangu, mbuzi amefanya ya mbuzi katikati ya chumba. Na katikati ya hayo yote, karibu na kizingiti, zilikuwepo nyayo zangu za siku ile ya alfajiri, zimeepukwa, hata kuku hakuzikanyaga. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ufagio magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinijibu mimi. Mbuzi alikuwa nje. "Ni siku ngapi?"

"Mbili, mama. Korogwe ni kulala njiani."

Nikamweleza yote pale pale nimesimama, mkoba wangu bado begani. Jiwe, mzee, mama wa uji, mara zote. Alisikiliza mpaka mwisho. Taya lake lilicheza.

"Njia ya mwongo fupi," alisema. "Na yeye alikuwa mwongo tangu mdogo." Akacheka, kicheko kikavu ambacho sikuwahi kukisikia kwake, halafu kikageuka kilio, nami nikakaa chini kwenye majivu nikamshika miguu.

Baadaye nilimwuliza kwa nini hakufagia siku ya tatu, naye alijua kwamba kwa siku ya tatu nitakuwa nimekwisha kufika Korogwe.

"Njia ya mwanangu niliifagia kwa ulimi, kwa kukuhesabia siku," alisema. "Mtu wangu akisafiri sasa, sifagii mpaka nimwone." Akaninyooshea ufagio.

Tuliishi tena pamoja miaka michache. Hakuwa msemaji, lakini alichosema alinipa mimi. Alikufa kabla vita vya Wadachi na Waingereza havijafika kwetu, nikabaki na nyumba.

Siku hizi mimi ndiye ninayekwenda. Mara chache, nikipata wa kufuatana naye, naenda Korogwe kulifagia lile kaburi. Watu wanaojua nilivyo na usafi hushangaa kuniona natoka alfajiri nimeacha majivu sakafuni. Siku tano nyumba inakaa hivyo hivyo. Nikirudi nafungua mlango polepole, natazama chini kabla ya kuingia, na kila mara nakuta nyayo zangu tu, zimeelekea mlangoni.